Sebule Iliyopimwa Msibani

Mama Obadia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni pa sebule yake mwenyewe, akichambua mchele. Nyuma yake sebule ilikuwa tupu, mita saba kwa nne, sakafu ya saruji imepigwa deki ikang'aa, hakuna hata kigoda. Makochi yake yalikuwa nje ubavuni mwa nyumba, chini ya turubai lililofungwa kwa kamba ya katani, na upepo wa Singida ulikuwa ukilipigapiga turubai hilo tangu mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa sita.

Fundi Ntandu alishusha begi lake na kumwamkia. Mama Obadia aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo.

"Safari ya ngapi hii, fundi?"

"Ya nne, mama."

"Na leo umeniletea nini?"

Alikuwa amemletea barua. Ilikuwa barua ileile ya mara tatu zilizopita, ila tarehe imebadilishwa: ofisi ya ramani inasikitika, sakafu ya pamoja haiwezi kupunguzwa bila saini za nyumba zote zilizounganishwa. Nyumba zilikuwa nne, yake na za wanawe watatu. Tabitha, aliyeko Muskati, alisaini siku ya kwanza. Lazaro wa Tunduma na Obadia wa Mwanza walikataa.

Mama Obadia aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya ndoo iliyokuwa ikiyumba. Halafu akasimama na kujifunga kanga kiunoni.

"Nishikie upande ule," alisema.

Ntandu alijua anachotaka kufanya, na alijua hakifai. Lakini mwanamke wa miaka sitini na minane akishaanza kuvuta kochi la watu watatu peke yake, huwezi kusimama umekunja mikono. Walifungua turubai. Kochi lilikuwa limelowa mvua zote za mwaka ule, kitambaa kimeota ukungu upande mmoja. Walilibeba, wakalipitisha mlangoni kwa ubavu, wakalitua katikati ya sebule, mahali lilipokaa miaka yote likitenga upande wa wageni na upande wa kulia chakula. Mama Obadia akakaa. Akafumba macho.

Kwenye kona ya dari sauti ya kike, laini, ikasema, "Kuna kitu kigeni kwenye sakafu. Tafadhali kiondoe."

"Kigeni," alisema Mama Obadia, macho bado yamefumbwa. "Nililinunua mwaka niliovuna alizeti mpaka stoo ikakataa kufunga. Mgeni ni wewe."

Sauti ilirudia mara tatu, kisha kengele ikalia. Ilikuwa inalia vilevile Mwanza, Tunduma na Muskati.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa familia moja wanapotaka kukaa sebule moja huku kila mmoja yuko mji wake, kila nyumba hupimwa. Mpimaji husimamisha stendi ya miguu mitatu katikati ya chumba, huweka jicho juu yake, jicho huzunguka mara tatu likimwaga nukta za mwanga, na baada ya dakika kumi chumba chote kimeingia kwenye mashine: kuta, madirisha, miguu ya meza, msumari wa kalenda. Kisha mashine hulaza ramani za nyumba zote moja juu ya nyingine na kutafuta sehemu iliyo wazi kwa wote. Hiyo ndiyo sakafu ya pamoja. Ukivaa miwani huoni tena chumba chako. Unaona sebule ya familia, wenzako wanatembea humo, unasikia hata nyayo zao.

Ndiyo maana sheria ilikuwa kali. Kitu kisichokuwamo kwenye ramani, mwenye miwani hakioni, na miaka ya mwanzo watu walivunjika miguu ndani ya nyumba zao kwa kujikwaa kwenye stuli zao. Kwa hiyo kona nne za dari ziliwekwa vijicho vinavyolinda sakafu asubuhi mpaka jioni. Kengele ya kwanza na ya pili ni onyo. Ikilia ya tatu ndani ya mwezi mmoja, familia nzima inakatwa kwa mwaka.

Hii ilikuwa ya pili.

"Kwa hiyo wananilinda nisijikwae kwenye kochi langu," alisema Mama Obadia.

"Ndiyo, mama."

"Na kiuno changu juu ya hiyo ndoo, kinalindwa na nani?"

Simu ya Ntandu ilikuwa imeshaanza kuita. Alikuwa Obadia. Aliongea kwa sauti ya chini ya mtu aliye kazini, mwenye hasira asiyetaka wenzake wasikie. Aliuliza ni nani kaingiza kochi. Ntandu akamwambia ni wao wawili. Obadia akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyepima, kwamba yeye ndiye mwenye leseni, kwamba mtu mzima na fundi wa siku nyingi hatarajiwi kucheza na kengele. Mwisho akasema lile lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

"Wakitukata mwaka, fundi, mwanangu atatembea kwenda wapi?"

Walilitoa kochi nje. Lilikuwa zito kuliko wakati wa kuliingiza.

*

Mtoto aliitwa Yunisi, alikuwa na miaka minane. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, madaktari wakasema miguu sasa ni mizima, kilichobaki ni woga. Hakuna aliyeweza kumtoa woga huo ila bibi yake. Kila Jumapili Mama Obadia alivaa miwani, akakaa kwenye mkeka kwenye ukuta wa mwisho wa sebule, akanyoosha mikono na kuhesabu. Mtoto alikuwa Mwanza, ukutani kwao, na alitembea hatua kumi na moja zilizonyooka mpaka kwa bibi aliyekuwa Singida. Kwa wengine wote hakuinua hata kisigino.

Ntandu aliijua habari hiyo. Ndiyo iliyomfanya ashindwe kumchukia Obadia, na kushindwa huko kulimuudhi.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kosa lilikuwa lake. Mzee Mghenyi, mume wa Mama Obadia, alizikwa Jumanne. Alhamisi, siku ya tatu ya matanga, Obadia alimwita Ntandu aje kuipima sebule ili wale walioshindwa kusafiri wakae na mama yao. Sebule ilikuwa kama sebule yoyote yenye msiba. Makochi nje, kabati nje, meza nje, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, wanawake wamekaa wamenyoosha miguu. Ntandu aliwaomba wasogee ukumbini dakika kumi, akakunja mikeka, akasimamisha jicho.

Fomu ya upimaji ina maswali ishirini. La kumi na nne linauliza: Je, chumba kiko katika hali yake ya kila siku? Walioiandika fomu hiyo hawakuwa watu wa kutoa makochi nje mtu akifa. Hawakujua hata kwamba kuna watu wa namna hiyo. Lakini Ntandu alijua. Aliikuta kalamu imeshafika pale, Obadia amemsimamia, anamwambia Tabitha analia peke yake Muskati siku ya tatu sasa. Akajibu ndiyo.

Na jioni ile Tabitha alikaa mkekani ubavu kwa ubavu na mama yake, na hakuna aliyejuta. Walijuta wiki mbili baadaye, matanga yalipoanuliwa, majirani walipokuja kurudisha makochi ndani na sauti ya darini ikawaambia kuna kitu kigeni.

Wakati huo watoto walikuwa wameshaikubali sakafu ile. Kubwa namna ile hakuna familia iliyokuwa nayo. Mzee Mghenyi aliijenga sebule kwa ajili ya ibada za nyumba kwa nyumba, na sasa wanawe walivunjavunja kwao ili walingane nayo. Tabitha alihamishia kitanda kwenye korido. Obadia aliitoa meza ya chakula kwa watu, familia yake ikawa inakula jikoni imebanana kwenye benchi. Lazaro alibomoa ukuta mzima, na kila Ntandu alipompigia simu kumwomba saini alirudia hilohilo, kwamba ukuta ule haurudi kwa saini.

Usiku wa siku ile ya kochi Ntandu aliwaza mpaka akapata kitu. Alikuwa ameishia darasa la saba, na kabla ya kupima vyumba alipanga vigae miaka kumi na tisa. Alijua kwamba kila kanuni ina mahali pake pa kukatia. Mashine inakataza vitu kwenye sakafu. Watu haikatazi. Watu wanaweza kukaa hata mia, na asiye na miwani huonekana kwa wenzake kama umbo la kijivu, lisilo na uso, linaloitwa mgeni.

Alhamisi alirudi. Waliingiza kochi, na kabla sauti haijamaliza neno la kwanza alikuwa ameshaunganisha mashine yake. Mashine ikauliza: mtu au kitu? Akabonyeza mtu. Amesimama au ameketi? Ameketi.

Wakasubiri. Kengele haikulia.

Mama Obadia aliligusa kochi kwa kidole, halafu akakaa taratibu. Alimwuliza kama ni halali. Ntandu akasema inafanya kazi. Mama Obadia akamtazama kidogo, maana lile halikuwa jibu, lakini kiuno kilikuwa kimeshaegemea. Akamwambia kwenye jiko kuna chai.

*

Yaliyotokea Jumapili Ntandu aliyasikia Jumatatu asubuhi, kwa Mama Obadia mwenyewe, akiwa amesimamishwa uani bila kukaribishwa.

Familia ilikuwa imeingia yote. Wajukuu wa Tunduma walikuwa wa kwanza kumwona yule mtu wa kijivu katikati ya sebule. Wakamwamkia shikamoo. Hakuitika. Wakarudia kwa sauti. Lazaro aliuliza mama ana mgeni gani. Mama Obadia alikuwa anavaa miwani kwa mkono mmoja na kikombe cha chai mkono mwingine, hakusikia vizuri, akasema hakuna mgeni. Halafu, kama alivyofanya siku nne mfululizo, akaenda akakaa kwenye kochi lake.

Yunisi alikuwa ameshatembea hatua sita. Akasimama.

"Bibi," alisema, "nani amekupakata?"

Obadia hakupiga kelele. Aliwaamuru watoto wote wavue miwani. Baada ya hapo akauliza swali moja tu.

"Miezi minne tu tangu baba, mama?"

Mama Obadia alieleza. Alisema ni kochi. Alivyozidi kusema ni kochi ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya. Lazaro alicheka, kisha akatoka bila kuaga. Tabitha alisema kama ni kweli yeye hana neno, mama ni mtu mzima, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Obadia kuliko yote.

"Na Yunisi?" Ntandu aliuliza.

"Amekaa chini. Jana yote na leo. Anasema mguu hautaki."

Kuku alipita kati yao. Juu ya vilima vya mawe mapanga ya umeme wa upepo yalikuwa yanazunguka, na kila panga lilipopita jua kivuli chake kilikata ua.

"Ulinipimia msiba, fundi, nikanyamaza," alisema Mama Obadia. "Sasa umenipimia bwana."

Ntandu alisema ataongea na Obadia. Mama Obadia akamwambia asiongee na mtu. Alitaka kujua jambo moja. Mbali na saini, mbali na hizi hila, hakuna njia iliyonyooka?

Angeweza kusema hakuna. Alishasema hakuna mara nne, kwa barua za ofisi.

"Ipo moja," alisema. "Mpimaji akikiri kwamba alipima vibaya huku anajua, ramani inakuwa batili tangu siku ya kwanza. Hapo hakuna saini ya mtu inayohitajika. Chumba kinapimwa upya kama kilivyo."

"Na huyo mpimaji?"

"Anapokonywa leseni. Moja kwa moja."

Mama Obadia alimfukuza yule kuku kwa upindo wa kanga.

"Uliijua lini njia hiyo?"

"Tangu safari ya kwanza."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyepata mzigo uliokuwa umepotea na kuukuta mwepesi kuliko alivyodhani. Akaingia ndani. Hakufunga mlango, lakini hakumwambia aingie.

*

Afisa wa ramani wa mkoa alikuwa Winfrida. Miaka tisa nyuma ni Ntandu aliyemfundisha kusimamisha stendi kwenye upepo, na mpaka leo alimwita mwalimu. Alipoona fomu ambayo Ntandu aliiomba, aliinuka akafunga mlango.

Alimweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Fomu ya kukiri ina sehemu inayouliza: Je, mpimaji alijua? Ukijibu hapana, ni kosa la bahati mbaya, unasimamishwa miezi sita na unarudi kazini.

"Na ramani?"

"Inarudi kwa familia. Warekebishe kwa makubaliano."

"Yaani saini zilezile."

"Zilezile."

"Basi haina kazi."

Winfrida akawasha kioo cha mezani na kumgeuzia. Kilikuwa na orodha. Nyumba alizopima Ntandu wakati wa misiba zilikuwa arobaini na moja, mbali na hiyo ya Mama Obadia. Wapimaji wengine hawakupenda kwenda matangani. Yeye alikwenda, kwa hiyo aliitwa. Akiandika kwamba alijua kwa moja, alijua kwa zote. Zote zitakuwa batili siku hiyohiyo.

"Tazama hii," alisema Winfrida, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

Ntandu hakuhitaji kutazama. Ni nyumba ya marehemu Sombi. Wanawe watano waliendelea kukutana kwenye sebule ya wazazi hata baada ya nyumba kuuzwa na kubomolewa. Kilichobaki cha nyumba ile ni ramani yake tu. Ikibatilishwa, hakuna kuta za kwenda kupima upya.

"Hawajakulalamikia, mwalimu. Hakuna aliyekulalamikia ila mama mmoja anayetaka kochi."

Ntandu aliitazama orodha tena. Winfrida alikuwa sahihi. Watu watano wangepoteza nyumba ya mama yao kwa sababu mwanamke mwingine amechoka kukaa kwenye ndoo, na kwa sababu yeye, siku fulani, alijibu ndiyo alipopaswa kujibu hapana. Haikuwa haki. Lakini kila alivyoipindua, upande wa pili ulikuwa na Mama Obadia amechomeka barua ya serikali chini ya ndoo ili isiyumbe. Alifikiri pia, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuwahi kurudi kwenye hata moja ya zile arobaini na moja kuuliza watu wamekaa wapi.

"Hawajalalamika kwa sababu nimewaambia hakuna njia," alisema. "Nipe kalamu."

Aliandika kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa darasa la pili. NILIJUA. Kisha akavua kitambulisho shingoni, kamba yake ikanasa kwenye sikio, na ilimchukua muda wa aibu kuinasua.

Watu walianza kumtafuta kabla ya wiki kuisha. Wanawake ndio walikuwa wengi. Hawakumtukana. Walimwuliza kwa mshangao kama ni kweli kumbe inawezekana kurudisha meza. Mmoja alikuwa anapikia chumbani mwaka wa tatu kwa sababu jiko lake lilipimwa kama sehemu ya ukumbi. Wengine sita walimtukana vizuri, na mmoja wao alimrushia simu kifuani. Kutoka kwa Sombi alikuja binti mkubwa. Alisimama mlangoni kwa Ntandu, akamtazama, akamtazama tena, akaondoka. Ntandu angependelea ya simu.

*

Winfrida mwenyewe ndiye aliyekuja kupima upya. Ntandu alikuwapo kama mbeba makochi. Walirudisha kila kitu: kochi refu katikati, mawili madogo pembeni, kabati, meza, saa ya ukutani iliyosimama, hata ndoo, maana Mama Obadia alisema naye sasa ni mtu wa nyumbani. Jicho likazunguka mara tatu. Ntandu alimwona Winfrida amekosea kukaza mguu mmoja wa stendi, akajing'ata ulimi, kisha akaenda akaukaza.

Jumapili iliyofuata Mama Obadia alimwomba aje. Alisema kama mambo yataharibika anataka aliyeyaharibu awepo.

Walioingia walikuwa wa Mwanza tu. Tunduma hawakuingia. Obadia alimwamkia mama yake kwa heshima iliyokauka. Mama Obadia alikaa kwenye kochi lake, amevaa miwani, anatazama nyuma yake, ukuta wa upande wa pili ambako yeye alimwona mjukuu wake. Ntandu hakuwa na miwani. Alisimama karibu na kabati akisikiliza sauti zikitoka kwenye kona za dari.

"Bibi," ilisema sauti ya Yunisi, "yule wa kijivu amerudi."

"Mwamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba, mama," alisema Ntandu.

"Huyu anaitika," Yunisi alimwambia baba yake.

Obadia hakucheka, lakini alishusha pumzi, na pumzi yenyewe ilisikika Singida.

Mama Obadia akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Kutoka ukutani mpaka mgongo wa kochi zilikuwa hatua tano. Alihesabu mpaka ya tano, na Ntandu alimwona amegeuka, amenyoosha mkono juu ya mgongo wa kochi kumpokea. Kisha mkono ukabaki hewani. Kitu kilianguka Mwanza, kizito na kidogo.

Mtoto alikuwa ameliona kochi la bibi mbele yake. Akaliegemea. Kwao, pale lilipokuwa kochi, palikuwa na hewa.

Obadia alisema maneno machache, na kila moja lilimstahili Ntandu. Kwamba hiki ndicho walichokitaka. Kwamba mtoto alikuwa na sakafu iliyonyooka, salama, na sasa amewekewa mtego. Kwamba leo ndiyo mwisho. Nyuma ya sauti yake Yunisi alikuwa analia, si kwa maumivu, kwa kudanganywa.

Mama Obadia alisubiri amalize.

"Obadia, pale jikoni kwako ulikuwa na benchi."

"Lipo."

"Lilete."

"Mama, kengele."

Mama Obadia alimgeukia Ntandu. Ntandu alifikiri kwa haraka kuliko alivyofikiri mwezi mzima. "Haitalia," alisema. "Pale penye kochi si sakafu ya pamoja tena. Pametolewa kwenye ramani. Nyumba yoyote inaweza kuweka kitu pale. Chochote."

Kulisikika miguu ya benchi ikiburutwa kwenye vigae, mbali, halafu karibu, halafu ndani ya sebule ileile waliyokuwamo. Wote wanne walisubiri kengele. Haikulia.

"Limetokeza nje ya kochi langu," alisema Mama Obadia, akipapasa hewa upande wa dirisha, pale alipoona mikono ya Obadia imelishika. "Hapa. Kama kiganja."

Ntandu hakuwa na leseni, hakuwa na jicho, hakuwa na sababu ya kusema. "Asogeze kuelekea mlangoni," alisema, na mwenyewe alisikia alivyochukizwa na benchi lililokaa vibaya. "Shubiri moja. Asiliinue, aliburute. Hapo. Mwambie hapo."

"Hapo," alisema Mama Obadia.

Yunisi alirudishwa ukutani. Alikataa. Bibi yake hakumbembeleza. Alimwambia kwamba yeye hatasogea, amekaa kwenye ndoo miezi minne na leo amekaa anapotaka, na anayemtaka atamfuata hapo. Kisha akaunyoosha mkono juu ya mgongo wa kochi, akauacha.

Ilipita dakika nzima. Halafu Yunisi mwenyewe akaanza kuhesabu, kwa sauti ya hasira.

Ya tano ilimfikisha kwenye benchi. Ntandu alisikia viganja viwili vikigonga mbao. Akamwona Mama Obadia anafumba mkono wake juu ya kochi, taratibu, kana kwamba chini yake kuna mkono mwingine. Hatua za kuzunguka zilikuwa fupi na zenye makwaruzo. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, na mtoto alikuwa bado njiani.

"Fundi, kaa," alisema Mama Obadia bila kugeuka. "Unaniziba mwanga."

Ntandu alikaa ukingoni mwa kochi. Springi iliyoharibiwa na mvua ilimchoma paja.

"Sogea kule mwisho," alisema Mama Obadia. "Wasije wakaanza tena."

Alisogea. Yunisi akafika kwa bibi kwenye ya kumi na nne.